Nasaha kwa Wanaotaka Kuwatetea Viumbe Adimu Mbele ya Sheria

Jangili aingiaye porini usiku kumvizia ndovu anajua moyoni mwake kwamba anatenda kosa, na kwa sababu hiyo hujificha, hukimbia, na akikamatwa hushitakiwa kwa jina lake. Mradi mkubwa wa viwanda hauji hivyo. Huja mchana kweupe, pamoja na ramani, hati zilizogongwa mihuri, na ahadi ya ajira kwa vijana. Na ikiwa baada ya miaka michache chemchemi imekauka, au matumbawe yamekufa, au ndege waliokuwa wakizaa mahali fulani tangu azali hawaonekani tena, hapatikani mtu wa kutiwa mbaroni, maana kila hatua iliyouleta msiba ule ilikuwa na idhini yake. Juu ya ujangili wengi wamekwisha andika. Mimi nimeona ni wajibu kuwaandikia, wasomaji wangu, juu ya namna raia wa kawaida, awe mvuvi, mfugaji, mwalimu au mwenye duka, anavyoweza kuitetea sheria inayowalinda viumbe adimu pale inapokabiliwa na nguvu ya mtaji. Rai yangu ni moja, na yote nitakayosema yanatoka ndani yake: ulinzi huu hupotea mapema, katika siku zile za utulivu kabla ya leseni kutiwa sahihi, na katika siku hizo hizo ndipo unapoweza kuokolewa kwa gharama ndogo.

Tazameni yaliyotokea Kihansi. Katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, Mto Kihansi huteremka kwa kishindo katika korongo lenye mwinuko mkali, na kwa karne zisizohesabika maporomoko yake yalirusha manyunyu, usiku na mchana, juu ya majani na mawe yaliyo kando ya maji. Humo, katika eneo la hekta mbili hivi tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika urefu wa sentimita tatu, ambaye hatagi mayai kama walivyo vyura wengi bali huzaa watoto waliokamilika. Hakuna mahali pengine duniani alipojulikana kuishi. Wataalamu walimtambua mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wengine, ulikuwa umekwisha anza: mikataba imetiwa sahihi, fedha zimekopwa, na mahandaki yanachimbwa. Mitambo ilipowashwa, sehemu kama tisa katika kumi za maji ya mto zilielekezwa kwenye handaki, na manyunyu yakakoma.

Kilichofuata ni hadithi ya kuhangaika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York. Korongoni yakatandazwa mabomba yenye vinyunyizio, ili binadamu aige kwa chuma na plastiki kazi ambayo mto uliifanya bila malipo. Idadi ya vyura ikapanda kwa muda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka, na ugonjwa wa ukungu unaoishambulia ngozi ya vyura ukagunduliwa mle. Na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Juhudi ya kumrudisha katika korongo lake ilianza mwaka 2012, kwa subira na ustadi wa wataalamu wa Tanzania na wenzao wa ng'ambo, nami nawapa heshima zote wanazostahili. Lakini kila fedha iliyotumika tangu mwaka 2000 ilitumika kununua kwa bei ghali jambo ambalo lingaliweza kupatikana kwa ukaguzi wa miezi michache na mabadiliko ya kiasi katika michoro ya wahandisi.

Nimekaa katika habari ya chura huyu kwa makusudi, kwa kuwa nimewasikia watu wenye akili timamu wakiuliza: je, nchi ikose umeme kwa ajili ya vyura? Swali hilo limewekwa vibaya, na mtetezi asilikubali kama lilivyo. Bwawa la Kihansi lilijengwa kutoa megawati 180, na Watanzania waliuhitaji umeme ule kama wanavyouhitaji hata leo. Hakuna mtu wa haki awezaye kubeza haja hiyo. Kasoro ilikuwa katika mpangilio wa mambo: uchunguzi wa kina wa viumbe wa korongo ulifanyika baada ya uamuzi wa kujenga, ilhali ulipaswa kuutangulia. Lau ungalitangulia, ingewezekana kuamua tangu mwanzo ni kiasi gani cha maji kiachwe kipite mtoni, na hesabu ya umeme ikafanywa juu ya maji yaliyobaki. Basi mtu akikuuliza, umeme au vyura, mjibu kwamba sheria ya tathmini imewekwa ili watu wasilazimike kuchagua baina ya viwili hivyo.

Sasa tazameni upande wa pili, ambako sauti zilisikika kwa wakati. Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania karibu na mpaka wa Kenya, ni ziwa la magadi lililo chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, na maji yake ni makali kiasi cha kuichoma ngozi. Ukali huo ndio ngome ya heroe wadogo, ndege hao wa waridi ambao wengi siku hizi huwaita flamingo. Hujenga viota vya matope katikati ya tambarare za magadi, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga, na hula mwani mdogo sana unaostawi katika maji ya namna hiyo. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima huzaliwa hapo, na katika Afrika Mashariki yote hakuna ziwa jingine wanalozalia kwa uhakika. Wale wanaopamba maziwa ya Nakuru na Bogoria nchini Kenya ni wageni wanaokwenda kula, na nyumbani kwao ni Natron. Mwaka 2001 ziwa hilo liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mnamo mwaka 2006 ukaletwa mpango wa kujenga hapo kiwanda cha kuchimba tani 500,000 za magadi kwa mwaka, kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals ya India. Mabomba yangepitishwa juu ya ziwa, makazi ya wafanyakazi na barabara zingejengwa, na maji matamu, ambayo ni haba katika nchi ile kame, yangetakiwa kwa wingi. Wafugaji wa Kimaasai, wataalamu wa ndege na vyama vya mazingira vya Tanzania na vya mbali waliisoma ripoti ya tathmini, wakaitia dosari kwa hoja, wakahudhuria mikutano na kuandika pingamizi. Na mwaka 2008 kampuni ile ikajitoa. Wazo lenyewe limefufuliwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Lakini fikira za watu zimegeukia pia Engaruka, bonde lililo kusini ya ziwa, lenye magadi chini ya ardhi yawezayo kuchimbwa pasipo kumgusa ndege katika kiota chake. Hata huko ni lazima tathmini ifanywe kwa uaminifu, maana kuna watu na maji yao. Ila ni jambo kubwa kwamba pingamizi la watu liliwafanya wenye mradi watafute mahali pengine, na mahali pengine pakapatikana.

Baada ya mifano hii miwili naingia katika nasaha zenyewe.

La kwanza ni kuijua habari mapema. Miradi mikubwa haizaliwi siku ya kuzinduliwa. Kwanza huja watu wenye vyombo vya kupimia ardhi, kisha huja uvumi, kisha mwekezaji hufika katika ofisi ya kijiji au ya kata kujitambulisha, na hapo katikati hutolewa tangazo ambalo aghalabu hubandikwa mahali pasiposomwa na mtu. Chagueni miongoni mwenu mtu mmoja au wawili ambao kazi yao ni kusoma matangazo hayo na kuuliza. Nchini Tanzania mamlaka husika imekuwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Nchini Kenya ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, chini ya sheria ya mwaka 1999. Kila moja hupokea ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya cheti au leseni kutolewa. Nchi zote mbili zimetunga sheria ya upatikanaji wa habari mwaka 2016. Basi andikeni barua ya kuiomba ripoti, itajeni sheria hiyo, na nakala yenu ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Msidharau muhuri ule; siku ya mashauri huwa na uzito kuliko hotuba.

La pili ni kuisoma ripoti, na hapa naomba subira yenu, kwa kuwa ndipo kazi ilipo. Ripoti ya namna hii huweza kuwa na kurasa mia kadhaa, nyingi zikiwa na lugha ya kitaalamu, na watu wengi hukata tamaa katika kurasa kumi za mwanzo. Msianze mwanzo. Fungueni kwanza sehemu inayoeleza ni lini wataalamu walikwenda kuwatazama wanyama, na kwa siku ngapi. Heroe hawazai kila mwaka wala hawazai kila mwezi. Mtu aliyekwenda Natron wiki moja ya msimu usio wao anaweza kuandika kwa unyofu kabisa kwamba hakuona kiota, na maneno yake yakatumika kama ithibati kwamba viota havipo. Nyumbu wa Serengeti huonekana upande mmoja wa mbuga miezi fulani na upande mwingine miezi mingine. Kasa hupanda ufukweni kutaga usiku, na mkaguzi wa mchana ataona mchanga mtupu. Kwa hiyo ulizeni msimu, ulizeni saa, na ulizeni kama wenyeji waliulizwa.

Kisha tafuteni sehemu ya njia mbadala. Sheria humtaka mwenye mradi aeleze ni njia gani nyingine alizifikiria, pamoja na ile ya kutokuujenga mradi kabisa, na ni katika sehemu hii ambapo ripoti dhaifu hujifichua, kwani mara nyingi mbadala hutajwa kwa mistari miwili na kukataliwa kwa mstari wa tatu. Baada ya hapo fuateni maji: yatatoka wapi, yatatumika kiasi gani, yatarudi yakiwa na joto gani na yamechanganyika na nini. Angalieni pia kama ripoti imehesabu vitu vyote viletwavyo na mradi au kiwanda peke yake. Maana barabara ya kuufikia, nguzo za umeme, machimbo ya mawe na kambi ya wafanyakazi huweza kuleta madhara kuliko mtambo wenyewe, na huwa rahisi sana kuviandikia tathmini ndogo ndogo zisizokutana popote. Mwisho tazameni kama spishi iliyo hatarini imetajwa kwa jina na kama hadhi yake katika sheria imeelezwa. Kenya ina jedwali la spishi hizo katika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Mnyama aliyemo katika jedwali ana ngao ambayo mwenzake asiyetajwa hana, nanyi mkilijua hilo mtajua pia pa kusimama.

La tatu ni ushahidi wenu wenyewe. Wengi wa wale niwaandikiao wamekaa kando ya bahari, ziwa au msitu miaka yao yote, na wanajua mambo ambayo mgeni mwenye shahada hawezi kuyajua kwa safari moja. Lakini maarifa yasiyoandikwa hayana nafasi mbele ya hakimu. Mvuvi na aandike tarehe na mahali alipomwona kasa au nguva, na hali aliyomkuta nayo. Mchungaji na aandike mwezi ambao ndege walitua na mwezi walioondoka. Daftari la kawaida latosha, mradi liandikwe siku ile ile na lisifutwefutwe, na simu za mkononi zipigazo picha ziwe msaada wake. Nawasihi pia kwa nguvu zote msitie chumvi. Mkiona ndege mia tatu, semeni mia tatu. Tarakimu moja iliyokuzwa, ikidhihirika, huiharibu kweli yote iliyokuja pamoja nayo, na mawakili wa upande wa pili hulipwa kwa kuitafuta tarakimu hiyo. Kadhalika andikeni juu ya tendo na athari yake, msiandike juu ya tabia ya mtu. Kashfa haimwokoi mnyama hata mmoja, na huweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshitakiwa.

La nne ni kuyaunganisha maisha ya viumbe na maisha ya watu, kwa sababu hiyo ndiyo kweli ilivyo. Huko Lamu kampuni moja ilipewa leseni mwaka 2016 ya kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 katika eneo la Kwasasi. Wenyeji chini ya umoja wao uitwao Save Lamu walipinga kwa hoja za mikoko, samaki, kasa, hewa na turathi ya mji wao wa kale, wala hawakuzitenga hoja hizo. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufani za mazingira liliifuta leseni ile, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilikuwa imefanywa kabla ya matokeo ya tathmini kujulikana, na ripoti ilipokamilika hawakurudishiwa ili waijadili. Lishikeni sana fundisho hili. Baraza la kijiji lililofanywa kabla ya ripoti si idhini ya yaliyomo katika ripoti, na ninyi mna haki ya kudai kikao kingine, kwa lugha mnayoielewa, na muhtasari wake uandikwe kama mlivyosema.

La tano ni muda, na hapa ndipo mashauri mengi mema yalipokufa. Nchini Kenya rufani kwa jopo lile yapasa kuwasilishwa ndani ya siku 60. Katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humpa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kuleta shauri juu ya tendo la serikali linalouvunja mkataba, lakini humpa miezi miwili tu tangu tendo lile litokee au tangu alipolijua. Mahakama hiyo haimlazimishi mtu amalize kwanza ngazi zote za mahakama za nchini mwake, na hiyo ni faida kubwa; walakini miezi miwili hupita upesi kwa watu ambao bado wanakusanya nauli ya kwenda kumwona wakili. Kwa sababu hiyo mtafuteni wakili, au chama cha msaada wa sheria, siku mnapoiomba ripoti, msingoje leseni itolewe.

Kwamba njia hiyo yafaa, shauri la Serengeti limeonyesha. Serikali ya Tanzania ilikusudia kujenga barabara kuu kupita kaskazini mwa hifadhi, sehemu ya kama kilomita 53 ikiwa ndani yake, katika njia wanayoifuata nyumbu zaidi ya milioni moja kuelekea Mto Mara. Mtandao wa kutetea wanyama wenye makao yake Nairobi ulifungua shauri Arusha mwaka 2010, na mwezi Juni 2014 mahakama ikaamua kwamba barabara ya lami katika sehemu ile ingekuwa kinyume cha mkataba ambamo nchi wanachama wameahidi kuyalinda mazingira kwa pamoja, ikatoa zuio la kudumu. Na rufani iliyoamuliwa mwaka 2015 haikuutengua uamuzi huo. Waliopendekeza njia ya kuzunguka upande wa kusini walikuwa wamesaidia sana, kwa kuwa wenyeji wa Loliondo, kando ya hifadhi, na vijiji jirani nao wana haki ya barabara, na mtetezi asiyekuwa na jibu kwa mahitaji yao hastahili kusikilizwa nusu ya vile anavyotaka.

Jambo hilo la mwisho nalirudia kwa sababu lina uzito moyoni mwangu. Katika mikutano ya miradi hii husimama vijana ambao hawana kazi, na mwekezaji amewaahidi kazi. Msiwaite wasaliti. Waulizeni pamoja nanyi: ni ajira ngapi za ujenzi zitakazokwisha baada ya miaka miwili, na ngapi za kudumu; ni nani atakayeajiriwa, na kwa ujuzi gani; na ni wavuvi au wafugaji wangapi watakaopoteza riziki waliyo nayo sasa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Kazi ya mvuvi, basi, mbele ya hakimu ni kazi kamili, na ina thamani iwezayo kuhesabiwa; ihesabuni na ninyi katika mikutano yenu.

Yapo mawili mengine nitakayoyapita kwa ufupi. Mradi ukiruhusiwa kwa masharti, yapateni masharti hayo kwa maandishi na kuyakagua kila mwaka, maana sharti lisilo na macho juu yake husahauliwa kabla rangi ya lango la kiwanda haijafifia. Na katika mambo ya mahakama msiogope kwamba hamna hasara ya mwilini ya kuonyesha: Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya yasema wazi kwamba mlalamikaji hahitaji kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au jeraha, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa kila mtu anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kwenda mbele ya mahakama kuidai.

Lakini kuna hatari moja iliyo kubwa kuliko mradi wowote mmoja, nayo ni kubadilishwa kwa sheria yenyewe. Mpaka wa hifadhi huweza kusogezwa kwa tangazo la gazeti la serikali. Siku za pingamizi huweza kupunguzwa kwa kifungu kimoja kilichowekwa katika muswada wa marekebisho mbalimbali, baina ya vifungu vya kodi na vya leseni za magari. Na aina fulani za miradi huweza kuondolewa katika zile zinazohitaji tathmini kamili. Hakuna ndege atakayekufa siku ile, wala picha ya kutisha itakayochapishwa magazetini, na kwa sababu hiyo watu hawashituki. Ila tangu siku ile kila mradi utakaofuata utapita katika mlango uliopanuliwa. Bunge huwaalika wananchi watoe maoni juu ya miswada. Nendeni, au andikeni. Mwandikieni mbunge wenu kwa jina lake, mwelezeni kifungu kwa namba yake, mwambieni ni kiumbe gani na ni kijiji gani kitakachodhurika, na mmtake awajibu. Barua ishirini zenye maneno ya waandishi wenyewe humshughulisha kiongozi kuliko waraka mmoja uliotiwa sahihi elfu mbili bila kusomwa.

Ewe msomaji, ikiwa kuna ziwa, mto, mwamba wa bahari au kipande cha msitu karibu nawe, na husikii habari yoyote ya mradi, basi huu ndio wakati bora wa kuanza. Nenda katika ofisi ya kata uulize ni mipango gani iliyopo, nunua daftari, na andika leo yale unayoyaona.